Ubavu wa Kaskazini

Arobaini ya Shabani ilipokwisha pale Manyoni, na masufuria ya pilau yameshasuguliwa na kuanikwa, binti yake Mwajuma alinifuata jikoni akiwa na simu ya marehemu mkononi. Aliniuliza kama najua baba yake alikuwa anaandikiana na nani miaka yote ile. Mimi, Mungu anisamehe, nikadhani ni mambo ya mwanamke. Kumbe ni mambo ya treni. Shabani, fundi seremala wa milango na vitanda, alikuwa mwanachama wa kundi la mtandaoni la watu wa nchi za mbali wanaokusanya treni ndogo za mfano, zile zinazotembea mezani kwa umeme na zina kila kitu cha treni kubwa hadi taa. Humo ndani kuna mazungumzo yasiyo na mwisho, na kazi yake ni moja tu: kila mtu anataja kichwa cha treni cha dizeli ambacho viwanda havijawahi kukitengeneza kwa udogo, naye anatamani vikitengeneze kabla hajafa. Mwajuma alinisomea huku akinigeuzia kile Kiingereza. Mmoja anataka kile kilichokuwa kinapita nyuma ya shule yake. Mwingine anataka kimoja ambacho yeye mwenyewe anakiri kilikuwa kibaya cha sura na kiliharibika kila wiki. Wa tatu analalamika kwamba viwanda hurudia vichwa vile vile maarufu kila mwaka, rangi tu ndiyo inabadilika, kama vitenge. Na katikati yao, akirudi tena na tena, Shabani wa Manyoni anaomba kichwa cha dizeli cha njia yetu, kile cha zamani chenye pua ndefu. Walimjibu kwa adabu. Mmoja alimwambia ni kizuri, lakini nani atakinunua? Shabani akajibu neno moja: mimi.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la mkaa, halafu machozi yakanitoka nikiwa bado nacheka. Mwajuma alinitazama kama mtu anayejiuliza kama amletee maji mgonjwa huyu au amwite mtu mzima mwenzake. "Shangazi," akasema, maana ndivyo anavyoniita ingawa sisi si ndugu wa damu, "baba alikuwa fundi. Si angejichongea?" Nikamwambia alishajichongea, na ile ya mbao ililiwa na mchwa wa Itigi, ambao hawaheshimu kazi ya mtu. Ndiyo maana alitaka ya kiwandani, ya chuma. Lakini jibu hilo halikumtosha Mwajuma, nami sikuwa na maneno ya haraka ya kumweleza pale na moshi ule. Namweleza sasa, kwa maandishi, maana ulikuwa mwaka mmoja tu wa ujana wetu, na mimi nimebaki peke yangu niliyekuwamo.

Mwaka ule nilikuwa Itigi nikijifunza cherehani. Nilipewa chumba cha uani kwa Mzee Chiloli, dereva wa treni, kwenye kota za reli. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na madebe ya asali, kwa kuwa mkewe, Mama Rehema, alikuwa ananunua asali ya vichakani na kuichuja mle ndani, na hakuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa kuna mtu analala. Nguo zangu zilinukia asali mwaka mzima. Nyuki walinijua. Kuta za nyumba ile hazikufika paa, kwa hiyo lililosemwa sebuleni lilipita juu na kuniangukia kitandani, nitake nisitake. Nimeishi baadaye katika nyumba za dari na vigae, na nakiri kwamba nimekosa jambo. Katika nyumba yenye dari mtu hukwambia anachotaka ukisikie. Kwa Mzee Chiloli nilisikia na mengine.

Mzee alikuwa Mgogo mwembamba, mkali wa ulimi, na macho yalikuwa yanamtoka. Sisemi alikuwa anakodoa. Nasema yalikuwa yanaondoka, kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, kwamba watajitahidi kuichelewesha lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Basi walimshusha kwenye kichwa cha treni wakampa kazi ya kukaa stesheni na kupokea simu, na yeye aliipokea kazi ile kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike. Chakula cha jioni tulikula pamoja mapema, jua bado lipo, kwa sababu yeye alitaka kuona anachokula: ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga, na mara mojamoja kuku, ambaye Mama Rehema alimkata yeye mwenyewe na kumwekea mumewe paja pale palipo na mwanga. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Treni ikipita wakati wa kula, Mzee alinyamaza na tonge mkononi, akasikiliza mpaka iishe, kisha akatoa hukumu. "Huyo anavuta breki mapema. Mwoga." Tukaendelea kula.

Shabani aliingia katika nyumba ile kwa mlango, yaani kuutengeneza. Alikuwa mwanafunzi wa seremala, karakana yao ikipakana na duka nilikojifunzia, kijana wa maneno mengi ambaye alikuwa na jibu hata kabla hujauliza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shabani siku ya tatu alipewa randa akaambiwa na madirisha nayo yanakwama. Siku moja alikuja na kitabu cha picha alichokiokota kati ya makaratasi ya kufungia misumari. Kilikuwa cha kiwanda fulani cha Ulaya cha treni ndogo za mfano, kurasa tele, vichwa vya dizeli vya kila rangi. Alidhani kitamfurahisha Mzee. Mzee alikiinua hadi karibu na pua, akakisogeza huku na huku kutafuta mahali ambapo jicho lake bado linafanya kazi, akapekua ukurasa baada ya ukurasa. Sisi tulikaa tunamsubiri. "Huyu wa Mjerumani," akaanza kusema. "Huyu Marekani. Huyu simjui lakini kwao wanamjua, si wamemtengeneza." Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akapekua tena. Kisha akamrudishia Shabani. "Sisi hatumo," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakunja shuka nikawasikia wakinywa chai. Mzee alimwambia mkewe kwamba hofu yake si giza. Marehemu kaka yake alipopofuka, mwaka wa pili alianza kumuuliza, "Hivi mama yetu alikuwa anafananaje?" Sura zilikuwa zinamtoka, moja moja, na hakujua ipi itafuata. Mama Rehema akauliza, kwa sauti ya mtu anayetania ili asilie, "Na yangu je? Itakuwa ya ngapi?" Mzee akamjibu, "Wewe nitakushika uso kila siku mpaka unichoke. Kile kichwa nitakishika wapi?"

Nilikaa na ile shuka mapajani. Nilikuwa msichana asiyefikiri sana, sikatai, lakini nililielewa neno lile papo hapo, na ninalielewa zaidi sasa nikiwa na miwani mbili na zote hazinisaidii. Mtu aliyeendesha chuma kile miaka na miaka, akakiamsha alfajiri na kukilaza jioni, alikuwa anaomba kitu cha ukubwa wa mkono wake, ili mkono ukumbuke jicho likishindwa. Nilimweleza Shabani mchana ule ule. Akasema tu, "Itabidi tuwahi."

Tulikifanya mchana wa jua, baada ya kazi zetu. Kile kichwa cha Mzee kilikuwa kinafanya kazi kati ya Manyoni na Tabora, na kikisimama stesheni Shabani alikuwa anatembea kando yake jukwaani akikipima kwa hatua, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mgeni. Mimi nilisimama na kukariri: milango midogo ya boneti, nyavu za kupitisha upepo, tangi la mafuta, ngazi, vyuma vya kushikia. Mwili aliuchonga kwa kipande cha mninga. Nyavu tulizikata kwenye chujio bovu la Mama Rehema, bila kumwambia. Vyuma vya kushikia vilikuwa spoki za baiskeli, na taa za mbele zilikuwa vifungo viwili vya blauzi yangu, ambayo sikuivaa tena kwa heshima. Wenzake karakanani walimtania kwamba ameanza kuchonga wanasesere, yeye akawaambia akili ni nywele. Usiku ukiingia tuliacha, maana Shabani alisema kazi ya kugusa hufanywa na mtu anayeona vizuri. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kile kiliundwa na watu wawili waliogombana juu ya kila mlango.

Siku ya kumpa, Mama Rehema alitandika kitambaa mezani. Mzee hakukitazama. Alifumba macho, akakipokea kwa mikono miwili, akaanza kwenye pua na kwenda taratibu, kidole gumba huku, vidole vinne kule. Alitabasamu. Alipita kwenye milango ya boneti akiihesabu kimoyomoyo. Halafu akasimama, akakigeuza, akapita upande wa pili. Akarudi upande wa kwanza. Tabasamu likaondoka.

"Nani kati yenu amewahi kufika upande wa kaskazini?" akauliza.

Tukatazamana. Itanibidi nieleze, maana kosa lile lisingefanywa na mtu yeyote isipokuwa mtu wa kota za Itigi. Kota zilikuwa kusini mwa reli, jukwaa kusini, soko kusini. Ng'ambo kulikuwa na vichaka na tangi la maji, na amri ya kwanza aliyopewa kila mkazi wa kota ilikuwa kutovuka njia. Na kile kichwa hakikuwa kinageuzwa. Kikienda Tabora kilitangulia na pua. Kikirudi kilirudi kinyumenyume, kibanda mbele. Kwa hiyo kwenda na kurudi, masika na kiangazi, kilituonyesha ubavu ule ule mmoja. Sisi tukadhani ni kama binadamu, sikio huku na sikio huku. Tukachonga ubavu wa kusini mara mbili.

"Upande ule milango haiko hivi," Mzee akasema. "Kuna sanduku la betri. Kuna bomba linashuka hapa. Na mimi," akagonga kibanda kwa kidole, "nilikuwa nakaa upande ule. Huku mlikokuona ni kwa msaidizi wangu."

Mama Rehema aliweka birika chini. "Ngoja, Baba Rehema. Nilikuwa nakuja uzioni kukupungia mkono. Miaka yote ile nilikuwa nampungia msaidizi?"

"Alikuwa ananifikishia salamu."

"Zote?"

Mzee akakohoa. Sisi wawili tulikuwa tumejifunga midomo tusicheke, na hata yeye bega lilimtikisika. Lakini alipokirudisha kile kichwa mezani alikiweka mbali na mkono wake, na alikula jioni ile bila kutoa hukumu kwa treni yoyote. Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, nilijikasirikia mimi na macho yangu mazima, yaliyotazama kitu kile kile kila siku na kuridhika. Shabani hakulala, alivyoniambia. Alikuja asubuhi akamwamkia, "Shikamoo Mzee," akaitikiwa "marahaba," naye akasema hapo hapo mlangoni, "Naomba utuvushe reli."

Tulivuka wanne, Mama Rehema akiwa amenishika mkono kama mimi ndiye mzee. Tulirudi siku kadhaa. Tulikaa kwenye kivuli cha lile tangi la maji na mihogo ya kuchemsha ndani ya kitambaa, tukangoja kile kichwa, nacho hakikuja. Vilikuja vingine. Mzee kufikia wakati ule alikuwa anaona kivuli na mwanga tu, ingawa hakutuambia. Nilijua kwa jinsi alivyotafuta mhogo. Alikuwa anatueleza ubavu wa kaskazini kwa kumbukumbu, Shabani akichora mchangani, na mara nyingine alisema bomba liko kabla ya sanduku na mara nyingine baada. Shabani alipomuuliza ni lipi hasa, Mzee alifoka. Kisha akasema polepole, "Sijui. Jana nilikuwa najua." Mama Rehema akatazama vichakani. Sijawahi kusahau jinsi alivyokaza kitambaa cha mihogo, akakifungua, akakikaza tena.

Ikaja treni ya mizigo kutoka Tabora. Mzee aliinua shingo, akasikiliza, akatikisa mkono. "Siyo yangu. Hiyo ina mafua." Akaanza kunyanyuka, tayari kwenda nyumbani. Treni ikapunguza mwendo, ikaingia njia ya pembeni kusubiri kupishana na nyingine, kichwa chake kikatupita kwa kelele. Na nyuma ya kichwa kile, kimeunganishwa kama behewa la kawaida, kimezimwa, kilikuwa kichwa cha Mzee Chiloli. Kilikuwa kinavutwa kupelekwa karakana kuu. Kikasimama mbele yetu kabisa, hakina sauti, na yeye alikuwa amekipa mgongo akitafuta fimbo yake.

Nilimtazama Shabani. Mama Rehema aliniminya mkono kwa nguvu, na mpaka leo sijui alikuwa ananiambia nyamaza au sema. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Shabani angekariri ubavu wote, tungerudi nyumbani, na Mzee angebaki na kichwa chake kikiwa hai kinanguruma mahali fulani kati ya Manyoni na Tabora. Mimi ningenyamaza. Shabani, ambaye aliongea kila wakati pasipotakiwa, aliongea na hapo.

"Mzee, chako kipo nyuma ya hicho. Kinavutwa."

Mzee alisimama vile vile, bado amekipa mgongo. "Kimezimwa?"

"Kimezimwa."

"Nipelekeni."

Tulimshika mikono tukapanda kokoto. Alinyoosha kiganja, akakikuta chuma, akakiondoa upesi, kisha akakirudisha. "Kimepoa," akasema. Alilisema neno hilo kwa sauti ile anayotumia mtu aliyemshika ndugu yake paji la uso, na mimi nikageuka nilie pembeni kwa sababu hakikuwa chuma tena. "Sijawahi kukishika kikiwa cha baridi. Hata siku moja." Halafu akamwambia Shabani, bila kugeuka, "Pima. Usisimame. Hawatangoja."

Shabani alipima akikimbia, kwa shibiri, kwa kiwiko, kwa chochote, na mimi nikakariri nyuma yake kwa sauti: sanduku la betri, bomba, ngazi ya dereva, dirisha. Treni ya kupishana nayo ilipita upande wa pili. Honi ikalia. Mzee hakuondoa mkono. Kichwa kilipoanza kusogea alikiacha kipite chini ya kiganja chake, tangi, ngazi, milango, hadi mwisho, nasi tumemshika kiuno asisogee. Mkono ulibaki umenyooka hewani mabehewa yakipita, na Mama Rehema ndiye aliyeushusha.

Shabani alibandua ubavu ule wa uongo na kuchonga mwingine. Kufikia wakati alipomaliza Mzee alikuwa haoni hata dirisha la sebule, na chakula tulikuwa tunakula saa yoyote. Nimeyafikiria sana maneno ya yule mtu wa mtandaoni, nani atakinunua, nami simlaumu; hajui anayemuuliza. Wale wote wanaoorodhesha matamanio yao mle, nadhani kila mmoja ana mtu aliyekaa kwenye ubavu asiouona. Shabani alijua mkono wa fundi hukosea, na alitaka mashine isiyo na upande iupendao. Lakini mashine nayo ingelazimika kuambiwa jambo moja ambalo sisi tuliambiwa siku ile ya pili ya kumpa, Mzee akiwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni na kile kichwa mapajani.

Alikipapasa kuanzia pua. Kusini, akaitikia kwa kichwa. Kaskazini, alikwenda polepole zaidi. Sanduku, bomba, ngazi. Alifika kibandani, kidole kikasimama kwenye dirisha la dereva. Tulikuwa tumelichonga kama tulivyoliona siku ile, limezibwa kwa bati kwa ajili ya safari.

"Mmelifunga," akasema. "Mimi sikulifunga hata siku moja. Hata mvua."

Hakuwa amekasirika. Shabani alitoa kisu mfukoni, akapiga magoti pale pale kizingitini, akakata akilipuliza vumbi la mbao, mpaka tundu likawa la kupita ncha ya kidole. Akamrudishia. Mzee alitafuta tundu, akaingiza kidole kidogo, akakilaza kwenye ukingo wa dirisha jinsi dereva anavyolaza kiwiko. Mama Rehema, ambaye alikuwa anachambua uwele kwenye ungo, alinyanyuka akaenda kusimama upande ule wa kaskazini wa kile kichwa, akamshika kile kidole.

"Sasa nakuona," akamwambia.